Seva ya Kanzidata Inapomkataa Mtumiaji: Chanzo cha Tatizo na Njia Salama ya Kulitatua

Huduma nyingi za umma nchini Tanzania sasa zinatolewa kwa njia ya mtandao. Mwananchi huomba kibali, hupata namba ya malipo, huwasilisha maombi ya ajira au hufuatilia shauri lake akiwa na simu au kompyuta. Nyuma ya kila huduma ya namna hiyo ipo kanzidata, yaani mkusanyiko wa taarifa uliopangwa kwa utaratibu maalumu, na ipo seva, ambayo ni kompyuta inayoitunza kanzidata hiyo na kuamua nani aruhusiwe kuifikia. Siku seva inapokataa kumpokea mtumiaji, huduma husimama hata kama ofisi iko wazi, watumishi wapo na umeme haujakatika.

Makala haya yanaeleza jinsi seva ya kanzidata inavyompokea au kumkataa mtumiaji, sababu kuu za kukataliwa, hatua ambazo maafisa TEHAMA wanapaswa kuzifuata katika kutatua tatizo hilo, na mambo ambayo mwananchi anaweza kuyafanya kwa upande wake. Jambo la msingi la kuzingatia ni kwamba kukataliwa si lazima kuwe dalili ya uharibifu. Mara nyingi ni ushahidi kwamba kufuli linafanya kazi. Kazi ya mtaalamu ni kubaini kwa nini ufunguo halali haukubaliki, na kuufanya ukubalike bila kuling'oa kufuli lenyewe.

Milango miwili, funguo mbili

Mwananchi anapoingia kwenye mfumo wa huduma hutumia akaunti aliyojisajilia, yenye jina la mtumiaji na nywila. Taarifa hizo hulinganishwa na kumbukumbu zilizomo ndani ya kanzidata. Hata hivyo, kabla mfumo haujasoma kumbukumbu yoyote, wenyewe nao hulazimika kujitambulisha kwa seva ya kanzidata kwa jina na nywila yake. Akaunti hiyo ya pili huitwa akaunti ya huduma. Mwananchi haioni wala hahitaji kuijua. Ipo pia akaunti ya tatu, ya msimamizi wa kanzidata, ambayo ina mamlaka ya kuunda akaunti nyingine, kutoa ruhusa na kuziondoa.

Tofauti hiyo husaidia kutambua mahali penye tatizo. Akaunti ya mwananchi mmoja ikikataliwa, wengine huendelea kuhudumiwa kama kawaida. Akaunti ya huduma ikikataliwa, watumiaji wote hukwama kwa wakati mmoja, wa Mtwara na wa Kagera vilevile. Hapo kubadili nywila ya mwananchi hakusaidii chochote, kwa sababu mfumo haujafika hata hatua ya kuitazama nywila hiyo.

Hatua nne za kupokelewa

Safari ya kuingia kwenye seva ya kanzidata inaweza kulinganishwa na ya mgeni anayekwenda kwenye ofisi ya umma. Kwanza ni lazima afike getini. Pili, mlinzi hutazama kama jina lake limo katika orodha ya wanaotarajiwa. Tatu, huonesha kitambulisho kuthibitisha kwamba ndiye mwenye jina hilo. Nne, huelekezwa kwenye chumba anachoruhusiwa kuingia, wala hawezi kufungua vyumba vingine.

Seva hufuata utaratibu huohuo. Kufika kunategemea mtandao na poti, yaani namba ya mlango wa mawasiliano ambao seva husikiliza. Kwa kawaida MySQL hutumia poti 3306, PostgreSQL 5432, SQL Server 1433 na Oracle 1521. Kutambuliwa kunategemea jina la mtumiaji na, katika baadhi ya seva, mahali anapotokea. Kuthibitishwa kunategemea nywila, cheti cha kidijitali au utambulisho unaotolewa na mfumo mwingine unaoaminiwa na seva. Ruhusa ndiyo inayoamua ni kanzidata ipi aione na aifanyie nini: kusoma, kuongeza, kubadili au kufuta.

Kila hatua ina hitilafu zake, na tiba ya hatua moja haiponyi nyingine. Afisa anayebadili nywila ilhali mtandao umekatika hupoteza muda, na zaidi ya hapo huongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza, kwa kuwa mtandao ukirudi mfumo utakuwa bado unatumia nywila ya zamani.

Ujumbe wa seva ni ushahidi

Jambo la kwanza kwa mtaalamu ni kusoma ujumbe wa hitilafu kama ulivyo, pamoja na namba yake. Katika MySQL, namba 2003 huonesha kwamba programu haikuweza kuifikia seva kabisa. Namba 1130 humaanisha kwamba seva imefikiwa, lakini kompyuta inayopiga hodi haimo katika orodha ya zinazoruhusiwa. Namba 1045 hueleza kwamba mtumiaji amenyimwa ruhusa ya kuingia. Namba 1044 humhusu mtumiaji anayejulikana ambaye ameomba kanzidata asiyopewa. Namba 1040 haihusu nywila hata kidogo: hueleza kwamba nafasi za kuunganishwa zimejaa.

Ujumbe wa namba 1045 una kipengele kidogo mwishoni ambacho wengi hukipuuza. Hutaja kama programu ilituma nywila au haikutuma. Ikiwa haikutuma, hakuna haja ya kuigusa nywila iliyoko kwenye seva. Kinachotakiwa ni kuchunguza faili la mipangilio la programu, kwani huenda halikusomwa, limehamishwa au mstari wa nywila umeachwa wazi.

Seva nyingine humwambia mtumiaji machache kwa makusudi. SQL Server kwa kawaida humpa aliyekataliwa namba ileile, 18456, ikiambatana na hali namba 1 ambayo haifichui sababu. Sababu halisi huandikwa katika rejista ya matukio ndani ya seva: hali namba 5 kwa jina lisilokuwepo, namba 8 kwa nywila isiyo sahihi, namba 18 kwa nywila inayopaswa kubadilishwa kwanza, na namba 58 pale ambapo seva imepangwa kupokea akaunti za Windows pekee lakini mtumiaji ameleta jina na nywila ya SQL Server. PostgreSQL nayo huandika katika rejista yake maelezo mengi zaidi kuliko yale yanayomfikia mtumiaji.

Usiri huo una sababu. Seva ingekuwa inasema waziwazi kwamba jina ni sahihi ila nywila ndiyo iliyokosewa, mhalifu angejua kwamba amekwishapata nusu ya anachokitafuta. Kwa msingi huo, afisa mwenye mamlaka hasomi tu kilichoandikwa kwenye kioo cha mtumiaji. Huenda kwenye rejista ya matukio, akatafuta dakika ile ambayo tatizo lilitokea, kisha akaamua.

Vyanzo vya kawaida na tiba zake

*Seva haifikiki.* Huduma ya kanzidata inaweza kuwa imezimika, diski imejaa, anwani ya seva imebadilika au kinga ya mtandao inazuia poti husika. Seva nyingi pia hupangwa kusikiliza mawasiliano ya ndani ya kompyuta moja tu. Mfumo ukihamishiwa kwenye kompyuta nyingine, hodi zake hazisikiki tena. Tiba ni kuthibitisha kwamba huduma inafanya kazi, kisha kuifungua poti kwa ajili ya kompyuta ya mfumo peke yake, si kwa dunia nzima.

*Jina ni moja, mahali ni tofauti.* MySQL hutambua akaunti kwa vitu viwili, jina na mahali mtumiaji anapotokea. Mtumiaji anayeitwa "huduma" akitokea ndani ya seva yenyewe ni akaunti moja, na "huduma" akitokea kwenye kompyuta nyingine anaweza kuwa akaunti ya pili yenye nywila nyingine na ruhusa nyingine. Panapokuwa na akaunti zaidi ya moja zinazolingana na ombi, seva huchukua ile iliyotaja mahali kwa usahihi zaidi. Ndiyo maana nywila inayokubalika mezani kwa msimamizi inaweza kukataliwa inapotumwa na mfumo. Tiba ni kuorodhesha akaunti zote zenye jina hilo na kurekebisha ile inayohusika, badala ya kuunda nyingine juu yake.

*Mpangilio wa kanuni.* PostgreSQL huamua namna ya kumthibitisha mgeni kwa kufuata faili liitwalo pg_hba.conf. Faili hilo husomwa kuanzia juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana na ombi ndio unaotumika. Mgeni akishindwa kuthibitishwa kwa mstari huo, mistari inayofuata haitazamwi. Kanuni sahihi iliyoandikwa chini ya kanuni pana zaidi haina kazi. Aidha, isipokuwa kwenye Windows, mabadiliko katika faili hilo hayaanzi kutumika mpaka seva iamriwe kulisoma upya, jambo ambalo limewafanya wengi wadhani kwamba marekebisho yao yalikuwa na makosa.

*Muda wa nywila umekwisha au akaunti imefungwa.* Katika Oracle, kuanzia toleo la 11g, mpangilio wa awali huipa nywila uhai wa siku 180 na hufunga akaunti baada ya majaribio 10 mfululizo yaliyoshindwa. Baadhi ya matoleo ya mwanzo ya MySQL 5.7 yaliweka ukomo wa siku 360 bila msimamizi kuuomba. Mifumo iliyosimikwa na kuachwa ilifanya kazi karibu mwaka mzima kisha ikakataliwa, ingawa hakuna mtu aliyebadili kitu. Ukomo huo wa awali uliondolewa kuanzia toleo la 5.7.11. Akaunti iliyofungwa haipaswi kufunguliwa kabla ya kujua ni nani aliyekuwa akijaribu. Mara nyingi ni programu iliyosahaulika yenye nywila ya zamani, ambayo itaifunga akaunti tena baada ya dakika chache. Wakati mwingine ni mhalifu anayekisia.

*Toleo jipya limebadili namna ya kuthibitisha.* Seva haihifadhi nywila yenyewe. Huhifadhi alama iliyokokotolewa kutokana na nywila hiyo, na mbinu ya ukokotoaji huboreshwa kadiri miaka inavyopita. MySQL 8.0, iliyotolewa mwaka 2018, ilibadili mbinu yake ya kawaida, na programu za zamani zisizoifahamu mbinu mpya zikashindwa kuingia hata kwa nywila sahihi. PostgreSQL ilifanya badiliko kama hilo katika toleo la 14 la mwaka 2021. Tiba iliyo bora ni kusasisha kiunganishi kinachotumiwa na programu. Kuirudisha akaunti kwenye mbinu ya zamani kunaweza kuokoa siku moja, lakini ni kubaki na kufuli dhaifu ambalo hatimaye halitakubalika: katika MySQL 9.0 mbinu hiyo ya zamani imeondolewa kabisa kwenye seva.

*Kanzidata imehamishwa.* Katika SQL Server, akaunti ya kuingia kwenye seva na jina la mtumiaji ndani ya kanzidata ni vitu viwili vilivyounganishwa kwa namba ya utambulisho. Nakala rudufu inaporejeshwa kwenye seva nyingine, majina huja nayo lakini namba huenda zisilingane na za akaunti za seva hiyo. Mtumiaji anaonekana kwenye orodha, ila hana mlango. Tiba ni kumuunganisha upya na akaunti yake kwa amri ya ALTER USER, wala si kumfuta na kumuunda tena, kwa kuwa kufuta huondoa pia ruhusa alizokuwa amepewa.

*Saa hazilingani.* Mashirika yanayotumia utambulisho wa pamoja wa Kerberos hutegemea muda. Kwa mpangilio wa kawaida, tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya saa ya kompyuta na ya seva ya utambulisho inatosha kumkataa mtumiaji halali. Vyeti vya kidijitali navyo vina tarehe ya mwisho, na cheti kilichopitwa na wakati hukataliwa hata kama mwenye nacho ni yuleyule wa jana.

*Nafasi zimejaa.* MySQL kwa mpangilio wa awali hupokea miunganisho 151 kwa wakati mmoja, na PostgreSQL 100. Programu inayofungua miunganisho bila kuifunga huzimaliza nafasi hizo, na wanaofuata hukataliwa. Seva zote mbili huacha nafasi ya akiba kwa ajili ya msimamizi ili aweze kuingia na kuchunguza. Nafasi hiyo hupotea pale ambapo programu ya kawaida imepewa akaunti ya msimamizi, kwa sababu nayo huila akiba.

Nywila ya msimamizi inapopotea

Hali ngumu kuliko zote ni ile ambayo nywila ya msimamizi haijulikani, pengine kwa sababu mtumishi aliyekuwa akiitunza amehama kituo. Watengenezaji wa seva kubwa wameweka njia rasmi ya kurejea, na zote zina sharti moja: anayerejea lazima awe na mamlaka juu ya kompyuta yenyewe, si juu ya kanzidata pekee.

Kwa MySQL, msimamizi husimamisha huduma, huandaa faili dogo lenye amri ya kuweka nywila mpya, huiwasha seva kwa kuielekeza isome faili hilo, kisha hulifuta mara moja, kwa kuwa lina nywila iliyoandikwa waziwazi. Kwa SQL Server, huduma huwashwa katika hali ya mtumiaji mmoja, na mtu aliye katika kundi la wasimamizi wa kompyuta hiyo huweza kuingia na kurekebisha akaunti. Katika Oracle na PostgreSQL, mtumiaji maalumu wa mfumo endeshi aliyeteuliwa kwa kazi hiyo anaweza kutambuliwa na seva bila nywila ya kanzidata, endapo mpangilio huo haujaondolewa.

Kabla ya hatua yoyote kati ya hizo, mambo matatu yanapaswa kutangulia: kibali cha maandishi cha mkuu wa kitengo, nakala rudufu iliyothibitishwa kwamba inarejesheka, na taarifa kwa watumiaji kwamba huduma itasimama kwa muda. Baada ya kazi, huandikwa ni nani aliyefanya, lini na kwa sababu gani. Kurejesha mamlaka bila kuacha kumbukumbu hakutofautiani, kwa macho ya mkaguzi, na kuyapora.

Tiba zinazozidi ugonjwa

Chini ya shinikizo la foleni na simu zisizokoma, afisa anaweza kushawishika kutumia njia ya mkato. Njia hizo hufanya kazi papo hapo, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu huduma ikisharudi hakuna anayekumbuka kuzirekebisha.

Njia ya kwanza ni kuiwasha MySQL kwa chaguo la skip-grant-tables, ambalo huiambia seva isitazame orodha ya ruhusa kabisa. Yeyote anayeifikia huingia bila nywila akiwa na mamlaka yote. Kutokana na uzito wa hatari hiyo, MySQL 8.0 huzima mawasiliano ya mtandao pale chaguo hilo linapotumika. Ya pili ni kuandika neno "trust" katika kanuni za PostgreSQL kwa anwani zote, jambo linaloifanya seva iamini jina lolote inalotajiwa. Ya tatu ni kuiruhusu akaunti kutokea mahali popote duniani ili kuepuka usumbufu wa kutaja anwani. Ya nne ni kuupa mfumo akaunti ya msimamizi kwa sababu ile ya kawaida imekataliwa. Ya tano, iliyo nyepesi kuliko zote, ni kuiacha nywila ikiwa tupu.

Historia inaonesha matokeo yake. Mwezi Mei 2002, programu hasidi iliyojulikana kama Spida ilisambaa katika seva za SQL Server ambazo akaunti yake kuu, iitwayo sa, ilikuwa imeachwa bila nywila. Mwanzoni mwa mwaka 2017, maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizokuwa wazi kwenye intaneti bila uthibitishaji zilifutwa na wahalifu, wakaacha ujumbe wa kudai malipo ili wazirejeshe. Katika matukio yote mawili wahalifu hawakuhitaji kuvunja kufuli, maana halikuwepo.

Huduma iliyosimama kwa saa 3 huudhi, lakini hurudi. Taarifa za afya, ardhi au mishahara zikishachukuliwa na watu wasiohusika, hakuna amri ya seva inayoweza kuzirudisha.

Wajibu wa kisheria

Suala hili halihusu ufundi peke yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa ni kosa la jinai. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeweka msingi wa usimamizi wa mifumo ya TEHAMA katika taasisi za umma na kuipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kuiratibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda dhidi ya kufikiwa, kupotea au kutumiwa isivyo halali. Afisa anayeondoa uthibitishaji ili kuharakisha kazi anaweza kuiingiza taasisi yake katika ukiukaji wa wajibu huo hata kama nia yake ilikuwa njema.

Mwananchi afanye nini

Mwananchi anayekataliwa na mfumo anashauriwa kwanza kuhakiki anwani ya tovuti, kwa kuwa wahalifu hutengeneza kurasa zinazofanana na za huduma za umma ili kuvuna nywila. Pili, atazame herufi kubwa na ndogo, kwani kwa kawaida mifumo huzitofautisha katika nywila. Tatu, asirudie kujaribu mara nyingi mfululizo. Majaribio ya kukisia huweza kuifunga akaunti yake, na tatizo la dakika chache likawa la siku nzima. Ni bora atumie mapema huduma ya kurejesha nywila iliyowekwa kwenye mfumo wenyewe.

Ikiwa watu wengine nao wamekwama kwa wakati huohuo, tatizo huenda liko upande wa seva, na kinachofaa ni kufuatilia taarifa rasmi ya taasisi husika. Anapotoa taarifa kwa dawati la msaada, aeleze saa aliyojaribu, hatua aliyofikia na maneno ya ujumbe alioupata pamoja na namba yake. Saa hiyo ndiyo itakayomwezesha afisa kuupata mstari unaohusika kati ya maelfu yaliyomo katika rejista ya matukio.

Hakuna mazingira ambayo mtumishi halali humhitaji mwananchi amtajie nywila yake au namba ya siri ya mara moja iliyotumwa kwenye simu. Anayeomba vitu hivyo, hata akijitambulisha kwa jina la ofisi na kueleza kwamba anarekebisha mfumo, anyimwe na kutolewa taarifa. Vivyo hivyo kwa vishoka wanaodai malipo ili "wafungue" akaunti iliyofungwa.

Kinga kwa taasisi

Matatizo mengi yaliyoelezwa hapo juu yanatabirika. Taasisi yenye kalenda ya tarehe za mwisho za nywila na vyeti haishtukizwi na siku ya 180. Taasisi inayojaribu toleo jipya kwenye seva ya majaribio hugundua mapema kwamba kiunganishi cha programu yake kimepitwa na wakati. Kila msimamizi akiwa na akaunti yake binafsi, kuhama kwa mtumishi mmoja humalizwa kwa kuifunga akaunti moja, bila kubadili nywila inayotumiwa na kila mtu. Akaunti ya huduma ikipewa ruhusa zile tu inazozihitaji, kuvuja kwa nywila yake hakufungui kila kitu.

Nywila ya dharura ya msimamizi inapaswa kuhifadhiwa mahali salama panapofahamika na maafisa wasiopungua wawili, na kila inapochukuliwa iandikwe. Saa za kompyuta zote zilinganishwe na chanzo kimoja. Nakala rudufu zijaribiwe kurejeshwa, na jaribio hilo lijumuishe kuingia kwa akaunti za kawaida, kwani nakala inayorejesheka lakini isiyoingilika bado haijaokoa huduma.

Seva inayouliza "wewe ni nani" inafanya hivyo kwa niaba ya kila mwananchi ambaye jina lake limo ndani yake. Afisa anayeusoma ujumbe wake kwa makini, akatibu hatua iliyougua na kuziacha nyingine zikiwa imara, huirejesha huduma na kuilinda amana aliyokabidhiwa kwa wakati mmoja.